Watu Wengi, Mchezo Mmoja: Somo la Mbina na Beni kwa Mikutano Yetu ya Vijiji

Wapo wanaoamini kwamba mchezo ni jambo la watoto, na kwamba mwanahistoria anayeandika juu ya michezo ameishiwa na mambo ya kuandika. Sikubaliani nao. Ukitaka kujua jamii inayaonaje madaraka, usiishie kusoma sheria zake na hotuba za viongozi wake. Itazame pia inapocheza. Ofisini mtu hutenda anayoagizwa. Mchezoni hutenda anayoyatamani, anayoyaogopa, na anayoyaona kuwa ya haki.

Makala haya yanaongozwa na swali moja. Unawezaje kuwaingiza watu thelathini, hamsini au mia katika mchezo mmoja wa kuigiza, kila mmoja akiwa na nafasi yake, bila wachache kuuteka mchezo na waliobaki kugeuka watazamaji? Ndugu msomaji, usilidharau swali hili. Wahenga walisema penye wengi pana mengi, lakini hawakutuambia namna ya kuyapanga hayo mengi. Nitajaribu kuonesha kwamba watu wa kwetu walikwisha kulijibu swali hili zaidi ya mara moja, na kwamba majibu yao yana faida kwa vijiji vyetu leo.

Nianze na mchezo wa mezani, ambao vijana wa mijini wameanza kuujua kupitia intaneti. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi: yeye hueleza mahali walipo, hali ya mambo na hatari iliyo mbele. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu au litashindwa, dadu hurushwa. Hakuna jukwaa wala hadhira. Hadithi hutungwa na wote kwa pamoja. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Asili yake, hata hivyo, ni ya kijeshi. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Reisswitz, aliukamilisha mchezo wa vita ulioanzishwa na baba yake. Maofisa walitoa amri zao juu ya ramani, na mwamuzi asiye wa upande wowote akaamua matokeo kwa kanuni na kwa dadu. Jeshi la Prussia liliutumia kuwafunza maofisa wake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1969, Mmarekani David Wesely aliandaa mchezo wa vita uliowekwa katika mji wa kubuni wa Kijerumani ulioitwa Braunstein. Alitarajia wachezaji wachache, wakaja karibu ishirini. Majemadari wawili walitosha kwa vita. Hao wengine angewapa nini? Akawagawia nafasi za raia: meya wa mji, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na haja yake. Punde mchezo ukamtoka mikononi. Watu walitawanyika vyumbani, wakanong'onezana, wakafanya mapatano ya siri, wawili wakatakana kupigana, na vita vyenyewe havikupiganwa. Wesely aliondoka akidhani ameharibu. Wachezaji wakamfuata wakimwomba aandae mwingine. Miongoni mwao alikuwamo Arneson, na katika jioni ile ya vurugu ndimo mbegu ya michezo yote ya mezani ya kuigiza ilimopandwa.

Tuzingatie kilichotokea. Kilichomlazimisha Wesely kuvumbua kitu kipya ni wingi wa watu. Angekuwa na wachezaji aliowatarajia tu, angeendesha vita kama kawaida. Wingi ulimlazimisha kugawa nafasi, na nafasi zikazaa siasa.

Sasa tuje kwetu. Tinde ni mji mdogo wa njia panda katika Mkoa wa Shinyanga, mpakani mwa Usukuma na Unyamwezi. Barabara inayotoka Nzega hugawanyika hapo: moja hupanda kwenda Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine huelekea Isaka, Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori hupita usiku na mchana. Mpita njia huona vibanda vya chakula, vituo vya mafuta na vijana wanaosubiri usafiri wa kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita. Asichokiona ni kwamba yuko katika nchi yenye moja ya mila kongwe za mashindano ya watu wengi katika Afrika Mashariki.

Wasukuma huita ngoma mbina. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hivi, uwanja hugawanyika kati ya vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Masimulizi huvinasibisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa yenye nguvu zaidi ya kuvuta watu. Vikundi vya namna nyingi vimejipanga chini ya majina hayo mawili: wacheza na nyoka wa buyeye, wawindaji wa nungunungu wa bununguli, wakulima wa bugobogobo wanaorusha majembe hewani na kuyadaka. Kila kikundi kina kiongozi wake, ningi, ambaye hutunga nyimbo, huwapanga wachezaji na huaminiwa kuwa na dawa.

Jambo linalonivutia zaidi ni namna mshindi anavyopatikana. Vikundi viwili, kimoja cha Bagika na kingine cha Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, vikitazamana. Watu wako huru kwenda upande wowote. Hapa mtu anameza upanga, kule mwingine anamfungua chatu. Watu wanakimbilia kule. Kidogo hapa anatoka mcheshi aliyevaa vichekesho, watu wanarudi. Mwishowe, upande uliozungukwa na watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi ya alama. Watu hupiga kura kwa miguu yao.

Jibu la kwanza la wahenga wetu kwa swali letu ni hilo. Katika mchezo wa watu wengi, mwamuzi asiwe mshindani, na asiwe mtu mmoja anayeweza kuhongwa au kuogopwa. Ningi ana mamlaka juu ya wachezaji wake, lakini hana mamlaka hata chembe juu ya hukumu. Anaweza kuwavuta watu, hawezi kuwaamrisha. Hata asiyecheza ana kazi, kwa sababu kila hatua yake inahesabika.

Jibu la pili lilitoka pwani, likaja bara kwa miguu na kwa reli. Katika miaka ya 1890, katika miji kama Lamu na Mombasa, vijana walianza kucheza ngoma mpya waliyoiita beni, neno lililotokana na bendi za kijeshi za Waingereza. Walipiga matarumbeta na ngoma kubwa, wakaandamana kwa gwaride, wakavaa sare. Mji uligawanyika katika pande mbili zilizoshindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa ukarimu wa karamu. Katika koloni la Wajerumani vyama viwili vikatia mizizi, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa watu wa daraja, makarani na wasomi; Arinoti waliwachukua zaidi watu wa kazi za mikono na wageni wa mjini.

Kilichoitofautisha beni na ngoma nyingine ni vyeo. Chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali na makanali wake, bwana shauri wake, daktari wake. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mtu aliyeshinda akifua nguo za ofisa Mjerumani aliweza jioni kuwa jenerali, na wenzake wakampigia saluti. Vyeo vilitolewa kwa utaratibu, vilipandishwa, vilivuliwa. Tawi la mji mmoja liliandikiana barua na tawi la mji mwingine, na mwanachama aliyefika mji mgeni alipokewa kwa cheo chake, akalishwa, na akifa akazikwa na chama.

Vita Kuu ya Kwanza iliieneza beni kwa kasi. Kati ya 1914 na 1918 askari na mamia ya maelfu ya wapagazi walihamishwa kutoka pembe moja ya Afrika Mashariki hadi nyingine, na ngoma ikaenda nao kambini, ikavuka hata mstari wa mapigano: askari wa Mjerumani na askari wa Mwingereza wote walicheza beni. Amani iliporudi, makarani na watumishi waliibeba kufuata reli na njia za biashara. Reli iliyokuwa imefika Tabora mwaka 1912 iliendelezwa kupitia Shinyanga hadi ikafika Mwanza mwaka 1928. Nchi yetu ikawa na mistari miwili ya mchezo, ile ya mbina iliyokuwapo na ile ya gwaride iliyokuja na treni.

Hapa historia inatupa kichekesho chake. Maofisa wa Prussia walicheza vita mezani ili wajifunze kuamuru. Wajukuu wao wakaja Afrika na amri zao, na askari wao Waafrika wakacheza kuwa maofisa. Mchezo wa kwanza ulifanywa na wenye madaraka. Wa pili ulifanywa na wasio nayo. Nani alijifunza zaidi? Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, aliifuatilia beni kwa makini kuliko mtu yeyote, na alikataa kuiona kama uigaji wa kitumwa. Waliocheza hawakuwa wakimwabudu Mzungu. Walikuwa wakichukua vifaa vya mpangilio vya zama zao, yaani cheo, daftari, barua, kamati na mchango, na kuvifanya vyao.

Wakoloni walishtuka. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza walivichunguza vyama hivi, wakihofu kwamba nyuma ya sare na barua palikuwa na njama. Hawakuikuta njama waliyoitafuta. Lakini hofu ilibaki, na mwaka 1935 ikapata chakula. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wafanyakazi waligoma kupinga ongezeko la kodi. Huko Luanshya polisi walifyatua risasi na Waafrika sita wakauawa. Tume ya uchunguzi ikataja ngoma ya mbeni, binti wa beni yetu, miongoni mwa njia ambazo habari za mgomo zilipitia. Chama cha ngoma kilikuwa na uzoefu ambao chama kingine chochote cha Waafrika mgodini hakikuwa nao: kiliwajua watu wake kwa majina, kilijua nani anaaminiwa, na kilijua kupeleka neno kutoka kambi moja hadi nyingine.

Siri ya beni katika kuendesha watu wengi ilionekana vizuri katika kizazi chake cha baadaye. Mwanaanthropolojia Clyde Mitchell alieleza mwaka 1956 ngoma ya kalela iliyochezwa huko Luanshya. Palikuwa na mfalme aliyevaa suti na tai. Palikuwa na daktari mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu, kazi yake kuwatia moyo wachezaji. Na palikuwa na muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, aliyebeba kioo na kitambaa, akipita kwa mchezaji mmoja hadi mwingine ili wajitazame na kujifuta jasho. Mfikirie muuguzi huyo. Hacheki na umati, haimbi beti. Lakini kila mchezaji anamhitaji, na asipokuwapo unadhifu wa kundi zima unaharibika. Nafasi yake ni ndogo, wala si ya bure.

Basi jibu la pili ni hili: katika mchezo wa watu wengi, kila mtu apewe nafasi ambayo mwingine anaihitaji. Cheo kisichohitajiwa na yeyote ni pambo. Kazi isiyo na jina haimpi mtu heshima. Beni iliunganisha jina na kazi, ndiyo maana chama cha watu wengi hakikuvunjika kwa wivu wa wale wasio wafalme.

Lakini historia ya mkoa wetu inadai jibu la tatu, na hili halikutoka uwanjani. Mwaka 1963 serikali huru ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kwa sheria. Miaka chini ya ishirini baadaye, katika mpaka wa Kahama na Nzega, si mbali na Tinde, neno mtemi lilirudi. Wizi wa ng'ombe na ujambazi vilikuwa vimeenea baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na wanavijiji walikuwa wamechoka kusubiri polisi. Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipoanzisha sungusungu. Kila kijiji kilikuwa na mtemi wake wa sungusungu, katibu na makamanda. Walibeba pinde na mishale, walipuliza filimbi, walikuwa na viapo. Ulinzi huo ulisaidia sana: mifugo iliyoibwa ilifuatwa na kurudishwa, na watu wakalala. Viongozi wa juu wa nchi waliwatetea, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Sisemi kwamba sungusungu ulikuwa mchezo. Ulikuwa ulinzi wa mali na uhai. Ninachosema ni kwamba ulishonwa kwa kitambaa kile kile ambacho watu wa huku walikwisha kukizoea katika vyama vyao vya ngoma na vya kulima: cheo cha kupewa na wenzako, nidhamu ya kundi, alama za kujitambulisha. Ndiyo maana watu wasio na mafunzo ya serikali waliweza kujipanga kwa muda mfupi vile.

Hata hivyo sehemu mbili muhimu ziliachwa nyuma. Uwanjani, ningi hakuwa mwamuzi. Katika sungusungu, mara nyingi aliyeshtaki, aliyekamata, aliyehoji na aliyehukumu walikuwa watu wale wale. Watuhumiwa waliteswa. Miongoni mwa walioteswa na kufukuzwa walikuwamo wanawake wazee waliosingiziwa uchawi, jeraha ambalo Shinyanga haijalipona. Na uwanjani mchezo ulikuwa na mwisho. Jua lilipotua, jenerali wa beni alivua mshipi wake akarudi kuwa mpishi. Kesho yake jirani aliyempigia saluti alimdai deni lake bila hofu. Kamanda wa sungusungu alilala kamanda akaamka kamanda. Jibu la tatu, basi, ni hilo: nafasi ya kuazima lazima irudishwe. Cheo ni koti, na koti lisilovuliwa huwa ngozi.

Nimeyajaribu majibu haya kwa mikono yangu. Kwa misimu kadhaa ya likizo nimekuwa nikiwakusanya vijana wa Tinde kucheza mchezo wa mezani niliouandaa juu ya mwaka 1871, wakati Mirambo alipopigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Msafara uliobeba pembe za ndovu unatafuta njia nyingine. Tunaunganisha meza nne, tunatandika karatasi kubwa yenye ramani, tunaweka dadu mbili na kengele. Vijana huja thelathini na zaidi; baadhi yao ni wanafunzi wa sekondari, wengine wamerudi kutoka machimboni Geita, wengine ni madereva wa bodaboda.

Mchezo wa mezani hupendeza ukiwa na watu watano au sita. Ukiwa na thelathini, kila mmoja akisubiri zamu yake, aliyeongea mwanzoni atasahauliwa kabla zamu haijamrudia. Kwa hiyo sigawi zamu; nagawa haja. Kila kijana hupokea kadi yenye mistari mitatu: wewe ni nani, unataka nini, na unajua nini ambacho wengine hawakijui. Mmoja ni kirangozi anayeijua njia. Mwingine ni nyampara wa wapagazi. Yuko mtemi anayedai hongo, yuko mke wa mpagazi anayesafiri na mtoto, yuko rugaruga aliyetoroka, yuko mfanyabiashara mwenye deni Zanzibar. Kengele ikilia, kila mtu yuko huru kumwendea anayemtaka na kupatana naye. Ikilia tena, wote hurudi mezani na kutangaza walichokubaliana, na dadu huamua yaliyo nje ya uwezo wa binadamu, kama mvua na homa. Wasaidizi wawili huandika ahadi zote. Mimi sina mhusika.

Siku moja binti mmoja mkimya, ambaye katika mikutano mingine hajapata kusikika, alipata kadi ya mwenye kisima. Kadi ilisema tu kwamba anajua maji yalipo katika mwendo wa siku mbili. Wafanyabiashara na majemadari walizozana kwa nusu saa juu ya bunduki na hongo. Yeye alikaa. Mtemi alipokwisha kupokea vitambaa vyake, msafara ukataka kuondoka, ndipo mmoja akauliza, "Jamani, na maji?" Wote wakageuka. Hakuwadai mali. Alidai kwamba mke wa mpagazi na mtoto wake watangulie kunywa, na kwamba nyampara asimchape mtu yeyote karibu na kisima chake. Yakaandikwa, yakatekelezwa. Mchezo ulipokwisha, kijana aliyekuwa mfanyabiashara, mtu wa machimbo mwenye maneno mengi, alisema, "Mwalimu, kumbe tajiri ni yule anayeombwa." Hakuna muhadhara wangu juu ya uchumi wa misafara uliowahi kulisema jambo hilo kwa ufupi kiasi hicho.

Ndugu msomaji ataniuliza: haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu nchi yetu ina chombo cha watu wengi kilichowekwa na sheria katika kila kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaanzisha mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Unapaswa kukutana walau kila baada ya miezi mitatu, na ndiyo mamlaka ya juu ya kijiji. Ukisoma sheria hiyo unapata picha ya demokrasia ambayo mataifa mengi hayana.

Sasa nenda ukautazame ukiendeshwa. Katika mingi niliyohudhuria, meza iko mbele, imefunikwa kitambaa. Nyuma yake wameketi mwenyekiti, mtendaji na mgeni kutoka wilayani. Watu wameketi chini, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mwenyekiti anasoma taarifa ya mapato na matumizi, mwenyekiti anaifafanua, mwenyekiti anauliza kama kuna swali, na mwenyekiti ndiye anayeamua ni swali gani limetosha. Kisha mikono inanyoshwa. Huo ni mchezo wenye mchezaji mmoja, naye ndiye mwamuzi. Tunashangaa kwa nini watu hawaji, na tunawalaumu kwa kukosa mwamko. Mtu asiye na nafasi hajakosa mwamko. Amekosa sababu ya kuacha shamba lake.

Nitapingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba utawala ni jambo zito na haufai kulinganishwa na ngoma. Nami nasema waliocheza beni wangecheka kuisikia hoja hiyo. Walizika wafu wao, walilisha wageni wao na walitunza fedha zao kupitia ngoma, wakati serikali iliyojiita nzito haikuwafanyia lolote kati ya hayo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba mchezo unaweza kutekwa. Ni kweli. Tangu zama za ukoloni hadi zetu, vikundi vya mbina vimeitwa kucheza mbele ya wakubwa. Vinaletwa kwa lori, vinapewa muda mfupi, vinaimba sifa, vinaondoka. Watazame wachezaji wanavyosimama: hawaelekei tena kwa umati unaotembea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wameelekea jukwaani kwa mgeni rasmi. Mwamuzi wa maelfu ya miguu amekuwa mwamuzi wa kiti kimoja. Hatua zimebaki zile zile na majembe yanarushwa vile vile, lakini mchezo umebadilika kabisa, kwa sababu aliyekuwa na hukumu amenyang'anywa. Hilo ndilo onyo langu kwa wale watakaosema tuongeze burudani katika mikutano ya vijiji. Burudani tunayo. Kinachokosekana ni hukumu na nafasi.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya wala bajeti. Taarifa ya fedha isomwe na mkazi aliyechaguliwa na mkutano uliotangulia kuikagua, si na aliyezitumia. Mwenye zamu ya kisima, mfugaji, mwalimu wa shule ya msingi, mama muuza chakula wa njia panda, kijana aliyerudi kutoka machimbo, kila mmoja apewe mapema jambo moja ambalo kijiji kinamhitaji alilete, na jina lake litangazwe pamoja na kazi hiyo. Linapojadiliwa suala linalomgusa mwenyekiti, mwingine aongoze. Na kila kamati iundwe ikiwa na tarehe yake ya kufa, ili aliyeivaa kofia ajue siku ya kuivua.

Wazee wetu walijua kwamba umati haukaliki kwa kunyamazishwa. Waliugawia kazi, wakauachia hukumu, na jioni wakakusanya makoti yao. Kijiji ambacho watu wake wote wana nafasi hakihitaji kuitiwa mkutano kwa vitisho vya faini. Watu watakuja wenyewe, kama wanavyokuja uwanjani baada ya mavuno, kwa sababu kila mmoja wao anajua kwamba pasipo yeye kuna jambo halitaendelea.